Siku ya ville morte, nani anampa kobaye maji?

Hotuba niliyoitoa hapa Bukavu mbele ya wanafunzi na wafanyakazi wa maabara. Naiweka nzima kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.

Wazee wetu mlioketi mbele, mama zetu, ndugu zangu wa labo, nanyi wanafunzi mliosimama kule nyuma kwa sababu viti vimeisha: jambo kwenu wote.

Naanza na neno moja. Kobaye.

Vitabu vinamwita simbilisi, lakini hapa Bukavu ni kobaye, na wengi wetu tumekua naye jikoni. Analala karibu na gunia la makala, anakula matembele na maganda ya ndizi, ukifungua mlango tu anapiga kelele kama ndege. Watoto wengi wa Walungu na Kabare walijifunza ufugaji kwake kabla hawajajua mbuzi. Mgeni akija, kobaye ni mboga. Ada ya shule ikikosekana, kobaye ni pesa.

Lakini neno hilohilo tunalitoa mdomoni tukiwa na hasira. Chanjo ya Ebola ilipoingia Kivu, mlisikia nini mitaani? "Sisi si makobaye." Aprili 2020, wakati wa Covid, Profesa Muyembe, mtaalamu wetu wa virusi, aliposema kwamba Kongo iko tayari kupokea majaribio ya chanjo, mlisikia nini? Kilio kilekile, kutoka Kinshasa hadi Kadutu hapa kwetu, mpaka akalazimika kurudi na kueleza maneno yake upya.

Mimi sikuwacheka waliolia. Niliwauliza. Mama mmoja pale sokoni nilimwuliza: mama, ukisema wewe si kobaye, unataka kusema nini? Akaniangalia, akajibu: "Nataka kusema usinichome bila sababu, usiniache nikiumwa, na usinitupe kazi yako ikiisha."

Nilirudi nyumbani na maneno hayo na sikulala. Maana mimi ni daktari wa mifugo. Nimefanya kazi na makobaye wa kweli, na nilijua jinsi tulivyowatendea. Leo nataka tuzungumze juu ya yule ambaye hawezi kusimama sokoni na kusema "mimi si kobaye", kwa sababu yeye ndiye.

Nitawasimulia jambo ambalo nimelificha miaka mingi.

Nilikuwa mwaka wa mwisho wa masomo, nikifanya mazoezi katika labo moja ya mji huu. Jina lake silitaji. Waliokuwamo hawakuwa watu wabaya, na hilo ndilo linalonisumbua mpaka leo. Tulikuwa na makobaye 12 katika vizimba vya mbao na wavu. Tulikuwa tunajaribu dawa ya mti ambayo wazee wanaitumia kwa tumbo, tukitaka kujua kama inadhuru figo. Shikeni neno hilo: figo.

Jumatatu ikatangazwa ville morte, yaani mgomo wa mji mzima. Maduka yakafungwa, pikipiki zikapotea barabarani, kila mtu akakaa kwake. Siku moja ikawa mbili. Mbili zikawa tatu. Alhamisi asubuhi nikapanda kwenda labo, na kabla sijafungua mlango nikajua. Pua ilinipa habari.

Saba walikuwa wamekufa, wamebanana kwenye kona moja ya kizimba kama wanaotafuta joto. Pembe za mbao zilikuwa zimetafunwa nyeupe. Na mmoja, jike mwenye doa la kahawia jichoni, alikuwa bado hai, amesimama chini ya chupa ya maji. Mnazijua zile chupa: zina bomba, na kwenye mdomo wa bomba kuna gololi ndogo ya chuma ambayo mnyama anaisukuma kwa ulimi ili maji yashuke. Alikuwa anaisukuma. Ti, ti, ti. Chupa ilikuwa kavu tangu siku mbili, na yeye bado anaisukuma.

Tukafanya kikao. Nani alikuwa na zamu? Mlinzi akasema ufunguo wa chumba kile si wake. Mlaborantini akasema yeye anakuja siku za kazi, na zile hazikuwa siku za kazi. Mkubwa wetu alidhani mlinzi anawapa maji. Na mimi? Nilikuwa nakaa Nguba, dakika ishirini kwa mguu. Nilidhani mwingine ameenda.

Je, nani alikosea? Tulitafuta, tukamkosa. Maana hapakuwa na karatasi hata moja iliyosema: siku hii, wanyama hawa, ni wa fulani.

Sasa sikieni tulichofanya baadaye, maana hapo ndipo aibu yangu ilipo. Tuliendelea. Tuliwapa maji wale watano waliobaki, tukamaliza wiki zetu, tukapima figo zao, tukaandika kwamba mti ule unadhuru figo. Figo za mnyama aliyekaa siku mbili bila maji! Mzee fulani huko Ngweshe ameambiwa dawa ya babu yake ni sumu, na huenda sumu ilikuwa ni ufunguo uliokosa mwenyewe.

Ndugu zangu, watu wakisikia "sheria ya ustawi wa wanyama wa maabara" wanafikiri ni mambo ya Wazungu wanaolalia kitanda kimoja na mbwa. Wanasema: watoto wetu wanakosa chakula, nyinyi mnazungumza panya? Nawaelewa. Nami nimewahi kusema hivyo. Lakini itazameni sheria yenyewe inadai nini.

Agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2010, lile linalofuatwa na nchi zote za umoja huo, linasema kila mnyama aangaliwe na mtu mwenye ujuzi angalau mara moja kwa siku. Kila siku. Jumapili ni siku. Noeli ni siku. Ville morte ni siku. Linadai kila taasisi iwe na mtu anayewajibika kwa matunzo ya wanyama waliomo, na iwe na daktari wa mifugo wa kuishauri. Halisemi "wafanyakazi wawe na huruma". Huruma tulikuwa nayo sote, na saba walikufa. Linasema awepo mtu, na ajulikane.

Linakwenda mpaka kwenye rula. Kizimba cha kobaye kisipungue sentimita 1,800 za mraba, yaani karibu karatasi tatu za A4 mkizipanga pamoja, na kimo chake kisipungue sentimita 23. Na mwongozo wa Ulaya unaongeza: awe na nyasi kavu wakati wote, za kutafuna na za kujifichia. Kwa nini kujifichia? Muulizeni mtoto yeyote wa Kabare anayefuga: kobaye asiye na mahali pa kujificha anatetemeka siku nzima, na moyo unaotetemeka siku nzima hauwezi kukupa kipimo cha kweli cha dawa ya moyo.

Na chakula. Kobaye ni kama sisi watu, mwili wake hauwezi kujitengenezea vitamini C. Hili limejulikana kwa njia ya wanyama haohao: mwaka 1907, huko Norwei, watafiti wawili, Axel Holst na Theodor Frølich, waliwalisha makobaye nafaka tupu, wakaona wanaugua kiseyeye kama mabaharia. Leo ukimlisha kobaye wako chakula cha kuku kilichokaa ghalani, viungo vyake vitavimba, atapata ufizi wa damu, na wewe utaandika kwamba ni dawa yako. Matembele mabichi ya mama jikoni yanashinda gunia hilo.

Tuende kwenye jambo la pili, ambalo kwangu ni zito zaidi: nani ana haki ya kusema hapana?

Uingereza ndiyo iliyotangulia kuandika sheria ya majaribio ya wanyama, mwaka 1876. Marekani ilikawia, na kilichoiamsha ni mbwa mmoja. Aliitwa Pepper, mbwa mweupe wa madoadoa. Mwaka 1965 alipotea nyumbani kwa wenyewe huko Pennsylvania. Familia ikamtafuta. Kumbe ameshikwa na wafanyabiashara wa mbwa, ameuzwa, amefika New York, amefia kwenye meza ya majaribio. Watu walikasirika kweli, na Agosti 1966 Rais Lyndon Johnson akatia saini sheria.

Lakini sheria ile ya kwanza ilihusu zaidi wizi, uuzaji na vizimba. Ndani ya chumba cha majaribio, mtafiti alibaki mfalme. Ikabidi itokee kashfa nyingine, ya tumbili 17 waliokutwa mwaka 1981 katika maabara moja huko Silver Spring, Maryland, katika uchafu na vidonda visivyotibiwa. Mwaka 1985 sheria ikabadilishwa, na hapo ndipo lilipoingia jambo ninalotaka mlibebe kwenda nalo nyumbani: komite.

Kila taasisi iwe na komite. Kabla hujachoma sindano ya kwanza, unaandika: nataka kufanya hivi, kwa sababu hii, kwa wanyama hawa, wangapi, na maumivu nitayazuia hivi. Komite inasoma. Inaweza kukubali, inaweza kurudisha, inaweza kukataa. Kila miezi sita inatembelea vizimba. Ndani yake lazima awemo daktari wa mifugo. Na lazima awemo, sikilizeni vizuri, mtu mmoja asiye wa taasisi ile. Si mwalimu wa pale, si ndugu wa mkubwa wa pale. Mtu wa nje, anayesimama kwa niaba ya jamii.

Mnaona? Katika sheria ya wanyama wameweka kiti cha mama wa sokoni. Yule aliyeniambia "usinichome bila sababu" angeketi pale na kuuliza: sababu yako iko wapi?

Sheria hiyo ya Marekani ina tundu kubwa, nami siwafichi. Panya wa aina zinazozalishwa kwa ajili ya utafiti haiwahesabu kuwa wanyama, ingawa hao ndio wengi kuliko wote katika maabara. Ulaya inawahesabu, na hata pweza inamhesabu. Kwa hiyo tusichukue sheria ya mtu mzimamzima kama nguo ya mtumba. Tuipime kwanza mwilini mwetu.

Majirani zetu wameshajipimia. Kenya ina sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, inayomtaka anayefanya majaribio awe na leseni. Tanzania iliandika Sheria ya Ustawi wa Wanyama mwaka 2008. Kongo yetu ni mwanachama wa Shirika la Afya ya Wanyama Duniani, na kanuni za shirika hilo zina sura nzima juu ya wanyama wa utafiti na mafunzo. Sheria yetu ya tarehe 11 Februari 2014 juu ya uhifadhi wa mazingira inawatazama ngagi na sokwe wa msituni. Ni vema. Lakini wa kwenye kizimba je?

Msinielewe vibaya. Sikuja kuwaambia tufunge maabara.

Mnamkumbuka mgonjwa wa Kikwit, 1995? Alipona Ebola, na damu yake ikabaki na kumbukumbu. Profesa Muyembe na wenzake walifuata kumbukumbu hiyo mpaka ikapatikana kingamwili, ile ambayo leo ni dawa inayoitwa Ebanga. Kabla haijaingia kwenye mshipa wa mtu wa Beni au Butembo, ilipita kwa tumbili wa aina ya makaka. Walipewa virusi, wakaachwa siku tano, ndipo wakapewa kingamwili, wakaishi. Yule ambaye hakupewa alikufa. Halafu, kati ya Novemba 2018 na Agosti 2019, ikajaribiwa kwa wagonjwa wetu huku mashariki: waliopewa dawa ya zamani ya kulinganishia walikufa karibu nusu, waliopewa hii walikufa kama asilimia 35. Kuna watu wanatembea barabarani Butembo leo kwa sababu ya tumbili wachache ambao hawakuulizwa. Mimi nikifikiri hivyo siwezi kusema tumbili si kitu. Nasema tuna deni kwao.

Na deni hilo nchi hii inalo tangu zamani. Kati ya 1956 na 1958, kwenye kambi ya Lindi karibu na Stanleyville, ambayo ndiyo Kisangani, mamia ya sokwe waliletwa kutoka msituni kwa majaribio ya chanjo ya polio ya Hilary Koprowski. Wengi hawakutoka wazima. Na mwaka 1958 chanjo hiyo ilitolewa katika bonde la Ruzizi, hapo chini ya milima yetu, kwa zaidi ya watu 200,000. (Wapo wanaosema UKIMWI ulitoka pale. Hapana. Uchunguzi wa virusi umeonyesha kwamba UKIMWI ulianza miaka mingi kabla, na virusi vya sokwe wa Kisangani ni vya ukoo mwingine. Tusijenge hoja nzuri juu ya uongo.) Ninachotaka mkione ni kingine. Serikali ileile ya kikoloni, miaka ileile. Aliyemchukua sokwe hakuwa na mtu wa kumuuliza. Aliyempanga babu yako kwenye foleni, naye hakuwa na mtu wa kumuuliza. Pasipo na desturi ya kuuliza, haumii mmoja tu.

Leo Ulaya imefunga mlango wa majaribio kwa sokwe na jamaa zake, isipokuwa kwa dharura kubwa mno, na taasisi kuu za afya za Marekani ziliacha kuwatumia mwaka 2015. Nanyi mkitaka kumtazama sokwe machoni, pandeni gari kwenda Lwiro, pale kwenye kituo cha mayatima kilichoanzishwa 2002. Sitaongeza neno. Nendeni.

Nimeulizwa na mwanafunzi mmoja kabla ya kikao: daktari, njia nyingine ipo? Ipo, na kila dada aliyeko humu ameishika mkononi.

Kipimo cha mimba. Kile kijiti cha famasi. Miaka ya 1930, mwanamke akitaka kujua kama ana mimba, mkojo wake ulichomwa kwa sungura jike, kisha sungura akauawa na kupasuliwa ili watazame mayai yake. Kila swali la mwanamke mmoja, sungura mmoja. Halafu akaja chura wa kusini mwa Afrika, yule mwenye kucha. Lancelot Hogben, Mwingereza aliyekuwa akifundisha Cape Town, alikuwa ameona kwamba ukimchoma homoni ya namna ile anataga mayai mwenyewe. Chura hafi. Unasubiri, unaona mayai, unamrudisha majini, wiki nyingine anafanya kazi tena. Na mwisho kikaja kijiti, bila sungura wala chura.

Mwaka 1959 wataalamu wawili wa Uingereza, William Russell na Rex Burch, waliyapa mambo haya majina matatu ambayo sheria nyingi zimeyabeba: badilisha, punguza, boresha. Kijiti ni kubadilisha. Chura ni kuboresha. Na kupunguza? Wale makobaye wangu 12. Mimi sikuwahi kuulizwa kwa nini 12. Mkubwa alisema vizimba vinatosha 12.

Walimu wa bio-chimie, nina neno nanyi, na naomba mlipokee kwa moyo. Agizo lile la Ulaya linataja elimu ya juu na mafunzo ya kazi kati ya sababu zinazokubalika za kutumia mnyama hai. Shule ya sekondari halikuitaja. Nimeingia darasani nikakuta chura amepigiliwa misumari kwenye ubao, anapumua, na watoto 50 wanacheka. Mtoto alijifunza nini pale? Moyo wa chura? Moyo ule angeuona kwenye chura aliyeuawa vizuri kabla, au kwenye mbuzi wa sokoni ambaye ameshachinjwa kwa ajili ya kuliwa. Nunueni moyo wa mbuzi, walimu wangu. Ni mkubwa, vyumba vyake vinne vinaonekana, na mwisho wa somo mama mpishi anaupika.

Basi tufanye nini sisi, hapa, bila kungoja Kinshasa?

Katika labo tulimo sasa tumeanza na vitu vichache. Mlangoni kuna daftari lililofungwa kwa kamba, lisiondoke. Kila siku aliyewatazama wanyama anaandika saa, maji, chakula, aliyelala vibaya, na jina lake kwa herufi zinazosomeka. Kwenye protokoli, yaani mpango wa jaribio, tunaandika mapema wapi tutasimama: mnyama akipoteza asilimia 20 ya uzito wake, jaribio kwake limekwisha, na daktari wa mifugo anaweza kulisimamisha bila kumpigia mkubwa simu. Jambo hili liliniletea ugomvi na rafiki yangu mtafiti, maana nilisimamisha jaribio lake siku mbili kabla ya mwisho. Alinuna miezi miwili. Protokoli yake iliyofuata aliniletea yeye mwenyewe niisome kwanza.

Ufunguo sasa upo mara tatu, na mmoja uko kwa mlinzi. Komite yetu ina watu watano. Wa tano ni mama anayeuza mboga karibu na Essence. Siku ya kwanza aliuliza swali moja tu: "Hawa wakimaliza kazi yenu, wanaenda wapi?" Hakuna aliyekuwa na jibu. Kikao kikaahirishwa mpaka lipatikane.

Nimekuja na lile daftari. Liko pale mezani, karibu na mlango. Nimefungua ukurasa mpya wa mwezi huu na kuupiga mistari, siku zote zimo, Jumapili zimo, sikukuu zimo. Jumapili hii nimeandika jina langu. Zilizobaki ziko wazi, na kalamu ninayo mfukoni.

Asanteni sana.